Bana, Tanua

Adaksheni. Abdaksheni. Yatamke haraka, kisha uniambie mgonjwa aliyelala kitandani atajuaje mguu aupeleke wapi. La kwanza ni kuleta kiungo kwenye mstari wa katikati ya mwili, la pili ni kukiondoa hapo. Yamepishana kwa herufi moja, ndiyo maana wapo madaktari wanaoitaja herufi hiyo peke yake wasije wakaeleweka kinyume. Mlatini hakusumbuka: kwake "ad" ni kuelekea, "ab" ni kutoka, na "ducere" ni kuongoza. Sisi tumebaki na mapacha tusiojua kuwatofautisha.

Mimi nilifundishwa na goti langu. Kwenye mazoezi ya viungo, mtaalamu aliniwekea mpira katikati ya magoti, akasema, "Bana." Nikabana. Misuli ya ndani ya mapaja, ile ya karibu na kinena inayowatoa wachezaji uwanjani wakichechemea, ikaanza kutetemeka kabla sijahesabu hadi kumi. Akautoa mpira, akanifunga mkanda wa kuvutika juu kidogo ya magoti. "Haya, tanua." Sikuhitaji kamusi. Wala mwenye gazeti kwapani hahitaji kuelezwa mkono wake unafanya nini.

Kwa hiyo naona tunajitesa bure: adaksheni ni kubana, abdaksheni ni kutanua, basi. Najua nitaambiwa jicho nalo hugeukia puani, na kubana jicho ni jambo jingine kabisa. Kweli. Hapo nitasema "kuelekea puani" na sitaona haya.

Penye utamu ni kwenye vidole. Vya mkono havijali katikati ya mwili; mstari wao ni kidole cha kati. (Miguuni cheo hicho kimepewa kidole cha pili, kinachofuata kile kikubwa. Usiniulize kikubwa kilikosa nini.) Chomeka karatasi kati ya kidole cha pete na cha mwisho, ibane, mwenzako aivute. Ikimtoka mgonjwa kirahisi, daktari huanza kuishuku neva ya alna, ile inayopita nyuma ya kiwiko upande wa ndani na kukupiga shoti ukijigonga.

Kidole cha kati chenyewe je? Kipeleke kushoto, kimetanuka. Kipeleke kulia, kimetanuka tena. Hakina pa kubania, maana mstari ni chenyewe.