Unga au Mbolea: Ruzuku Imfikie Nani?

Julai 2022, wiki chache kabla ya uchaguzi mkuu wa Kenya, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba pakiti ya kilo 2 ya unga wa mahindi itauzwa shilingi 100 badala ya 205, na serikali iwalipe wasagaji tofauti ya bei. Waliobahatika waliununua. Wengine walizunguka madukani wakakuta rafu tupu, au unga uleule kwa bei ileile ya zamani. Kura zilipokwisha kupigwa Agosti, mpango nao ukafa.

William Ruto alipoapishwa tarehe 13 Septemba alisema ruzuku za matumizi ni ghali na hutumiwa vibaya. Heri kumsaidia anayezalisha. Kesho yake ruzuku ya mafuta ilipunguzwa, na petroli jijini Nairobi ikapanda kutoka shilingi 159 hadi 179 kwa lita, na mafuta ya taa kutoka 128 hadi 148. Mfuko wa mbolea wa kilo 50 ulishushwa kutoka takriban 6,500 hadi 3,500, kisha 2,500 mwaka uliofuata.

Hoja ya kumpa mkulima ina uzito. Ruzuku ya unga huliwa ikaisha: mwezi ujao serikali italipa tena, na shambani hakujaongezeka hata gunia moja. Isitoshe, ile ya 2022 ilipitia kwa wasagaji wanaopaki unga. Anayenunua mahindi kwa gorogoro, yaani kopo la kupimia nafaka, na kuyasagisha mtaani, ambaye mara nyingi ndiye mnyonge zaidi, aliachwa nje kabisa.

Ila tumbo halingoji msimu. Mbolea inayotiwa shambani Machi huko Bonde la Ufa huwa unga Oktoba au baadaye. Mwaka mzima huo, mpangaji wa mjini asiye na shamba alilipa nauli ya juu na kupikia mafuta ya taa ya bei mbaya, akiambiwa nafuu iko njiani. Kwangu mimi kosa halikuwa kumchagua mkulima. Kosa lilikuwa kuondoa nafuu moja kabla nyingine haijazaa. Serikali yenyewe ni kama iliona hivyo: Agosti 2023 ilirudisha ruzuku kidogo ya mafuta, mwezi mmoja tu baada ya kupandisha VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya mafuta hayohayo kutoka asilimia 8 hadi 16. Mkono mmoja ulitoza, wa pili ukafidia.

Mavuno yalipokuja yalikuwa mazuri. Takwimu rasmi zinaonyesha mahindi yaliongezeka kutoka magunia kama milioni 34 mwaka 2022 hadi takriban milioni 47 mwaka 2023, na bei ya unga ikateremka. Watetezi wa mbolea wana haki ya kujivunia, mradi wasiidhulumu mvua: 2022 ulikuwa mwaka wa ukame mkali, na 2023 mbingu zilifunguka. Nani aliyechangia kiasi gani, sioni anayeweza kukata kwa uhakika.

Hata ile lawama ya kutumiwa vibaya iliyotupiwa ruzuku ya unga, mbolea nayo haikuikwepa. Mwaka 2024 iligunduliwa kwamba baadhi ya mifuko iliyouzwa kwa wakulima kama mbolea ya ruzuku ilikuwa ya viwango duni. Waziri wa Kilimo Mithika Linturi alikabiliwa na hoja ya kumng'oa bungeni, ingawa kamati iliyomchunguza ilimwondolea lawama. Ukikosa unga dukani leo, utarudi kesho. Ukipanda kwa mbolea bandia, umepoteza mwaka.

Kuna fundo jingine ambalo halizungumzwi sana. Unga ukiwa rahisi, mahindi yamekuwa rahisi, na mwenye mahindi ni yuleyule mkulima tuliyetaka kumsaidia. Ndiyo maana mwishoni mwa 2023 serikali iliingia sokoni kununua gunia la kilo 90 kwa shilingi 4,000 ili bei isianguke. Yaani hazina iliyolipia mbolea ili unga ushuke ikalipa tena ili mahindi yasishuke. Na wakulima wenyewe si kundi moja. Mwenye ekari hamsini alipeleka lori kwenye bohari za Bodi ya Nafaka, inayoinunulia serikali mahindi. Mwenye robo ekari huuza magunia yake mawili Januari kwa ajili ya karo, na ikifika Juni yuko sokoni na gorogoro yake, akinunua mahindi kama yule mpangaji wa mjini. Bei ya 4,000, kama hata ilimfikia, ilimfaa wiki zile chache alizokuwa muuzaji.