Huyo Anayeimba Si Clapton

Juzi rafiki yangu aliweka "White Room", wimbo wa bendi ya roki ya Cream, akafumba macho, akatikisa kichwa kama mjuzi: "Msikie Clapton anavyoimba!" Nikameza mate. Eric Clapton ni mpiga gitaa wao. Anayeimba ni Jack Bruce. Muziki katunga Jack Bruce, maneno ya Pete Brown. Na gitaa la besi linalonguruma chini ya yote hayo, hebu kisia ni la nani.

Inaniudhi hii tabia ya kumfanya mpiga besi kuwa utingo wa bendi. Gari la mpiga solo, yeye ashike mlango.

Bruce alizaliwa 1943 karibu na Glasgow, na mjini humo ndiko alikosomea selo, ile fidla kubwa, na utunzi. Wakubwa wa chuo hawakutaka apige jazi. Akaacha chuo, jazi akabaki nayo. Sasa mtu aliyelelewa na selo utamwambiaje adunde noti moja moja akisubiri wenzake wamalize kung'ara? Cream walikuwa watatu tu, bila kinanda, bila gitaa la pili. Clapton akizama kwenye solo, anayebaki na wimbo mkononi ni nani? Besi ya Bruce haikumsindikiza. Ilibishana naye, ikamkatiza, ikapanda, ikashuka kabla hujajua imekwenda wapi. Chukua "Crossroads" yao, ile ya jukwaani ya 1968, ambayo wapenzi wa gitaa wanaiabudu mpaka leo. Jikaze umsahau Clapton kwa dakika moja. Mle ndani zinapigwa solo mbili kwa wakati mmoja, ila sifa kachukua mmoja.

Haya, nakubali, noti zake zilikuwa nyingi. Mpiga ngoma Ginger Baker alimnung'unikia kwa hilo tangu wakiwa kwenye bendi ya Graham Bond, mpaka akamtimua, kisha 1966 wakakutana tena ndani ya Cream kuendeleza ugomvi. Na Clapton gitaa analijua, kwenye "White Room" analiliza wa-wa kama mtoto, sibishi, nisije nikapigwa mawe.

Lakini 1968, Cream ikiwa haijavunjika, Bruce aliingia studio na mpiga gitaa John McLaughlin, akashika besi kubwa ya kusimama na kurekodi albamu ya jazi tupu, *Things We Like*. Ilitoka 1970, mwaka aliojiunga na Lifetime, bendi ya mpiga ngoma wa jazi Tony Williams. Miaka mitatu baadaye besi yake imo kwenye *Berlin*, albamu ya mwanaroki Lou Reed. Nitajieni wapiga solo wangapi wanaohama nyumba namna hiyo bila kupotea njia.

Mwaka 2003 alipandikizwa ini kwa ajili ya saratani, nusura afe. Mei 2005 yuko Royal Albert Hall, London, na wale wale wawili, Clapton na Baker, usiku nne, anaimba. Alifariki Oktoba 2014, akiwa na miaka 71.

Basi nikaurudisha wimbo mwanzo, nikamwambia rafiki yangu afuate besi peke yake. Akasikiliza kimya hadi mwisho. Kisha akauliza:

"Besi ndiyo ile inayolia wa-wa-wa?"