Bangi ya uani: Mei na Juni ndio kila kitu

Mi msimamo wangu ni huu na siubadilishi: mmea mkubwa wa bangi unaouona Septemba umepita kimo cha mtu, matawi yamejaa mpaka yanainama, ule haukutengenezwa Agosti kwa mbolea za chupa. Ulitengenezwa Mei na Juni, kwenye mizizi, wakati hakuna hata mtu anayeuangalia. Na watu wengi wanaharibu hapo hapo mwanzoni alafu msimu mzima unabaki wa kuuguza.

Kwanza tuelewane. Nazungumzia Kanada, Ontario ya kusini, ambako tangu tarehe 17 Oktoba 2018 kuotesha nyumbani kwa matumizi yako ni halali kama umefika miaka 19, miche minne kwa nyumba, sio minne kwa kila mtu anayeishi humo. Kama uko Bongo au Kenya, hii ni kesi na jela, usijaribu. Quebec pia hairuhusiwi kuotesha nyumbani, walipelekana mpaka Mahakama ya Juu na mwaka 2023 mahakama ikasema jimbo lina haki ya kukataza. Na ndugu zangu mlioko Marekani ambao hamjapata uraia, hata kama jimbo lenu linaruhusu, serikali kuu bado inaihesabu ni dawa ya kulevya na inaweza kukuharibia makaratasi yako vibaya sana, kwahiyo pandeni nyanya. Hata hapa Kanada kama umepanga soma mkataba wako wa nyumba kwanza, maana mwenye nyumba anaweza kuwa amekataza.

Sasa kitu ambacho wengi hawajui, muswada wa mwanzo wa sheria ya Kanada ulitaka mmea usizidi sentimita 100. Kamati ya bunge ikaondoa hicho kipengele mwaka 2017. Ndio maana leo mtu ana miche minne tu lakini mmoja unaweza kupita mita mbili na ikawa halali. Kwahiyo ukiwa na idadi ndogo hivyo, akili yote unaiweka kwenye ukubwa na afya ya kila mche, na hiyo kazi inaanza mapema.

Kosa namba moja ni haraka. Aprili inaisha, jua linawaka siku tatu mfululizo, watu wanavua makoti na kutoa miche nje. Jamani, hapa kwetu baridi ya kugandisha inaweza kurudi mpaka katikati ya Mei, ndio maana wazee wa bustani wa hapa wanasubiri wikiendi ya Victoria Day, sikukuu ya hapa inayoangukia baada ya katikati ya Mei. Na sio swala la barafu tu, usiku ukiwa chini ya nyuzi 10 mche wa bangi unasimama, haufi lakini haukui, majani yanakuwa na rangi ya zambarau kwenye vikonyo na wewe unadhani una njaa unaumwagia mbolea kumbe ni baridi tu. Kuna mama mmoja Mkongo mtaani kwetu analima lengalenga na matembele uani kwake, bangi haimhusu kabisa, lakini mwezi wa tano alinikuta nimeshika jembe akainama akagusa udongo akaniambia, "Mtoto yangu, udongo iko baridi bado, acha kwanza." Nikamwambia, "Sawa mama," nikaacha. Hakuna kipimo kizuri kuzidi hicho, kama mkono wako hauwezi kukaa kwenye udongo kwa raha basi na mizizi hairidhiki.

Alafu kuna hili la mwanga ambalo ndilo linaniuma zaidi kuona watu wanapoteza nalo mwezi mzima. Wengi wanaanzisha miche ndani, wanawasha taa masaa 18 kwa siku. Tarehe mosi Mei Toronto mchana ni kama masaa 14 tu. Ukiutoa mche wenye umri wa kutosha kutoka masaa 18 ukaupeleka kwenye 14, wenyewe unahisi usiku umerefuka ghafla, unadhani vuli, yale majira ya kabla ya baridi kali, imefika, unaanza kutoa maua wakati bado ni mdogo. Ikifika Juni mchana unakaribia masaa 15 na nusu, mmea unageuza tena unataka kurudi kwenye majani, na hapo unaanza kutoa majani ya ajabu ya kidole kimoja yamejikunja, matawi madogo madogo yamesongamana, wiki zinapita hausogei. Dawa yake ni rahisi, huko ndani anza kupunguza taa taratibu mpaka zikaribie masaa 15 kabla ya kutoa, na usitoe mapema. Basi. Haya hayaihusu ile aina inayochanua yenyewe kwa umri, lakini ile haifikagi ukubwa ninaouzungumzia hapa.

Kuzoesha nje nako sio siku moja. Mche uliolelewa chini ya taa, shina lake ni laini halijawahi kupigwa na upepo, na majani hayajui jua la kweli. Unautoa lisaa limoja kivulini, kesho masaa mawili, unaongeza hivyo hivyo kwa wiki moja mpaka siku kumi. Ukiuweka kwenye jua la saa saba mchana siku ya kwanza, jioni utakuta majani yana mabaka meupe kama karatasi na hayo hayarudi. Upepo mdogo ni mzuri, unafanya shina linenepe, ndio unataka, lakini chomeka fito mapema wakati mizizi bado midogo, ukisubiri Agosti ndio uchomeke unakata mizizi ambayo umeilea miezi mitatu.

Sasa udongo. Hapa ndio naombea watu waweke hela zao, sio kwenye machupa. Duka la bustani litakuuzia chupa nne zenye rangi nne na ratiba ya kumwaga kila wiki, na mtu mgeni anaona bila hivyo hawezi. Mi naona hiyo hela nunua mboji nzuri, changanya na udongo mwepesi unaopitisha maji, weka samadi iliyooza vizuri kabisa, na kama unapanda ardhini chimba shimo pana kuliko unavyofikiri, pana zaidi kuliko refu, maana mizizi mingi inatafuta pembeni karibu na juu. Kama ni chombo, zile gunia za kitambaa za lita 75 mpaka 100 au zaidi, kitambaa kinapitisha hewa na mizizi ikifika ukingoni inakatika ncha yenyewe na kutoa matawi badala ya kuzunguka zunguka ndani. Ila usichukue mche wa wiki mbili ukauzamisha kwenye gunia la lita 100, maana udongo wote ule utashika maji na kamzizi kenyewe hakawezi kuyanywa, kanaoza. Panda ngazi, kikopo, chungu cha kati, ndio gunia. Kipimo cha asidi ya udongo (pH) kikiwa kati ya 6 na 7 huna shida nayo tena.

Maji ndio yanaua wengi kuliko kiu. Watu wanapenda mmea wao, wanataka kuufanyia kitu kila siku, na kitu rahisi kufanya ni kumwagilia. Unyanyue chungu kabla ya kumwagilia, kama unavyopima mtungi wa gesi kujua umebakia kiasi gani, ukiwa mzito acha, ukiwa mwepesi mwaga mpaka itoke chini. Ukishahamia kwenye gunia kubwa huwezi kunyanyua, hapo ingiza kidole mpaka pingili ya pili. Na jifunze kuangalia majani: yakining'inia yamelegea na mepesi, ni kiu, ukimwagilia yananyanyuka ndani ya masaa machache. Yakining'inia huku yamevimba na yamejikunja kuanzia kwenye kikonyo, hayo ni maji mengi, mizizi inakosa hewa, na ukiongeza maji hapo ndio umeumaliza. Watu wanachanganya hizi mbili kila siku. Rangi ya kijani iliyokolea sana na ncha zimekunjamana chini kama kucha, hiyo ni naitrojeni imezidi, acha mbolea kabisa kwa mda.

Kukata kichwa cha mche mi nakubali, lakini kwa wakati wake. Mche ukishakua na ngazi tano au sita za majani kata juu ya ya nne au ya tano, matawi ya chini yanaamka yote na mmea unapanuka badala ya kwenda juu kama mti wa Krismasi. Alafu vuta matawi taratibu pembeni kwa kamba laini ili katikati kufunguke. Hii sio urembo. Septemba yetu ina umande na mvua, ugonjwa wa ukungu wa kijivu unaingia kwenye maua mazito yasiyopata hewa na kuyaozesha kutoka ndani, kwahiyo nafasi unayoifungua Juni ndio hewa ya Septemba. Ila usikate wiki hiyo hiyo uliyohamisha, uache upone kwanza, jeraha moja kwa wakati mmoja inatosha.

Wadudu wa mwanzo kwa hapa ni konokono wasio na nyumba na sota, yaani viwavi wakataji. Sota anakata mche usiku chini kabisa, asubuhi unaukuta umelala. Zungushia shina pete ya karatasi ngumu, izame kidogo kwenye udongo, imeisha hiyo. Vidukari na utitiri utawakuta mgongoni mwa jani, geuza majani kila unapopita, ukiwaona wachache wapige na maji ya presha. Sungura watakula mche mzima kwa usiku mmoja, weka waya. Uzio unaofungika unahitaji hata hivyo kama una watoto nyumbani, hilo kwangu halina mjadala.

Na la mwisho ni jinsia, maana linaingiliana na ile hesabu ya minne. Mbegu ya kawaida nusu kwa nusu inaweza kutoka dume, na dume likipasua chavua linajaza mbegu kwenye majike yote, yako na ya jirani. Kuanzia wiki ya nne mpaka ya sita angalia kwenye kiungo cha tawi na shina, jike linatoa vinywele viwili vyeupe, dume linatoa kakijipira kadogo kenye kikonyo. Kuna watu wanaotesha miche kumi ili baadae wachague minne, wanasema midogo haihesabiki. Inahesabika. Nunua mbegu za majike kwenye duka lenye leseni, otesha minne, na ukikuta dume ling'oe siku hiyo hiyo.