Ali na Tyson: tunampandisha Ali wa mwaka gani?

Jumamosi kwa kinyozi ubishi ulirudi palepale: Muhammad Ali na Mike Tyson, kila mmoja akiwa moto, nani angemlaza mwenzake? Kijana aliyekuwa kwenye kiti, kichwa kimenyolewa nusu, akasema Tyson anamaliza kazi raundi ya kwanza. Mzee mmoja akamjibu kwa neno moja tu: "Kinshasa." Watu wakanyamaza kama kesi imekwisha.

Mimi ni mtu wa Ali tangu utotoni, lakini Kinshasa haitusaidii hapa. Usiku ule wa Oktoba 30, 1974 Ali alikuwa na miaka 32, miguu imeshapungua kasi. Aliegemea kamba, akamwacha George Foreman apige mpaka mikono ikawa mizito, kisha raundi ya 8 akamwangusha. Akili ya ajabu ile, na moyo pia. Ila nani aegemee kamba mbele ya Tyson wa 1988? Ngumi za Foreman zilikuja kwa mzunguko mpana, unaziona zikiwa njiani. Tyson ni mfupi, sentimita 178 hivi, anakuingia chini ya mikono, anaanza na mbavu, na kabla hujashusha kiwiko mkono uleule umeshapanda kidevuni. Michael Spinks hakuwa amewahi kushindwa na mtu, na alidumu sekunde 91 tu kule Atlantic City, Juni 27 mwaka huo.

Kwa hiyo Ali wangu ni wa Novemba 14, 1966, pale Houston, alipopigana na Cleveland Williams. Nikatoa simu, nikawawekea video. Msiangalie mikono, nikawaambia, angalieni miguu. Anarudi nyuma huku anapiga, na ngumi inafika! Mara miguu inapishana harakaharaka, mbele nyuma, mbele nyuma, na Williams hajui amfuate wapi. Raundi ya 3 refa akasimamisha. Ni kweli Williams alipigwa risasi na polisi mwaka 1964 na hakuwa tena yule wa zamani. Lakini kasi ile ni ya Ali mwenyewe, hakupewa na Williams.

Hatari ipo, sifichi. Ali alipenda kushusha mikono na kukwepa kwa kuvuta kichwa nyuma, na mtu wa namna hiyo hukutwa na ngumi ya kushoto ya kuzungusha. Henry Cooper alimwangusha nayo London mwaka 1963, Joe Frazier naye New York mwaka 1971. Ya Tyson ilikuwa kali kuliko ya Cooper. Naamini Ali angekwenda chini mara moja, raundi ya 2 au ya 3. Ila kwa Cooper aliinuka, na kwa Frazier pia aliinuka.

Zikipita raundi 6, pambano linageuka. Mwaka 1987 James Smith alimkumbatia Tyson raundi 12 nzima, na Tony Tucker naye akazimaliza zote. Hakuna kati yao aliyekuwa na kasi ya Ali. Buster Douglas, aliyemshinda Tyson kule Tokyo, simweki mezani: Tyson wa 1990 alikuwa ameshaachana na kocha wake Kevin Rooney, na mimi niliyemkataa Ali wa Kinshasa siwezi kumleta Tyson wa Tokyo. Tena enzi za Ali walipigana raundi 15. Nampa Ali, raundi ya 11, refa anasimamisha, jicho moja la Tyson limefumba.

Kinyozi akazima mashine, akaniuliza: "Sasa kaka, mbona huyu wa 1966 watu hawamtaji?" Kwa sababu alionekana kidogo sana. Baada ya Houston alipigana mara mbili tu, kisha akakataa kuingia jeshini wakati wa vita vya Vietnam, wakamvua mkanda wa ubingwa na kumfungia asipigane. Aliporudi ulingoni Oktoba 1970 alikuwa na miaka 28, na miguu ile hakurudi nayo.