Molekuli moja moja au mabilioni kwa mpigo?

Ukipima kasi ya kimeng'enya ndani ya neli ya majaribio, unachopata ni wastani wa mabilioni ya molekuli. Nusu zikiwa zimelala na nusu zikichapa kazi, jibu litakuwa kasi ya kati ambayo hakuna molekuli hata moja iliyo nayo. Hapo mbinu za molekuli moja moja hazina mpinzani. Mwaka 1993 kibano cha leza, yaani mwanga unaoshika vitu vidogo mno, kilionyesha kwamba kinesini, protini inayobeba mizigo ndani ya seli, hutembea juu ya mikrotubuli, nyuzi zilizo kama reli zake, kwa hatua za nanomita 8. Wastani usingeonyesha hatua hizo, kwani molekuli hazinyanyui mguu kwa pamoja.

Gharama ya mbinu hizi ni kubwa, na aghalabu haianzii kwenye hadubini bali kwenye kipande cha kioo ambacho molekuli hushikizwa juu yake. Kioo kitupu hunasa protini ovyo na kuvuruga umbo lake. Kwa hiyo hupakwa PEG, polima inayozuia protini kunata, kiasi cha asilimia 1 hadi 2 ikiwa na biotini (vitamini ndogo), kisha streptavidini, protini inayoishika biotini kwa nguvu, ndipo molekuli yenye biotini ishike. Kabla ya kupima chochote, mimina molekuli hiyohiyo, iliyotiwa rangi inayong'aa, bila streptavidini. Ukiona nukta nyingi za mwanga, upakaji umeharibika, tupa kioo.

Rangi nazo huungua na kuzimika, hasa penye oksijeni. Vimeng'enya vya glukosi oksidesi na katalesi huondoa oksijeni, na kemikali iitwayo Trolox hupunguza kupepesa kwa rangi, ila glukosi oksidesi huzalisha asidi. Bufa, yaani kimiminika kinachozuia pH isibadilike, ikiwa dhaifu, pH hushuka polepole, na kasi unayoiandika si ile uliyoanza nayo.

Kuna pia suala la mkolezo. Rangi inayoelea ikizidi makumi ya nanomola, nukta humezwa na mwanga wa nyuma, hata kwa mwanga unaopenya takribani nanomita 100 tu kutoka kwenye kioo. Protini zinazoshikana kwa ulegevu, kwenye mkolezo wa maikromola (maikromola 1 ni nanomola 1,000), bado ni bora zipimwe kwenye neli.

Kinachonitia shaka zaidi ni uteuzi wa grafu, yaani michoro ya mwanga wa kila molekuli kadiri muda unavyopita. Mtafiti hubakiza zile "nzuri" na kuacha nyingi, na mara nyingi msomaji haambiwi ni ngapi. Vigezo viandikwe kabla: mathalani rangi izimike kwa hatua moja, maana hatua mbili huashiria molekuli mbili. Halafu idadi ya zilizoachwa itajwe. Kisha kimeng'enya kilichotiwa rangi kipimwe kwenye neli pia. Wastani wa molekuli moja moja usipokaribiana na kasi ya neli, anza kushuku kioo na uteuzi wako kabla ya kutangaza ugunduzi.