Wingi wa damu si kipimo cha jeraha la kichwa

Mwandishi mmoja anadai kwamba jeraha la kichwa likivuja damu nyingi ni dalili ya fuvu kupasuka, na kwamba aliyegonga kichwa bila kutoka damu hana haja ya kupelekwa hospitali. Dai hilo la pili ndilo linalonitia hofu zaidi. Mimi ni muuguzi, hupokea majeruhi wa bodaboda, na nimeona mchaniko mdogo ukilowesha shati zima ilhali fuvu ni zima, kwa sababu mishipa ya damu ya ngozi ya kichwa ni mingi, nayo imeshikiliwa na tishu ngumu, hivyo ikikatika haiwezi kunywea na kujiziba upesi. Hatari iliyojificha iko kwenye panja, yaani ubavuni mwa kichwa kati ya jicho na sikio, mahali ambapo mifupa minne ya fuvu hukutana, ukuta wa fuvu ni mwembamba, na kwa ndani hupita ateri inayolisha utando wa ubongo. Pigo la hapo laweza kuipasua ateri hiyo bila ngozi kuchubuka: mgonjwa huzimia kidogo, akazinduka, akazungumza vizuri na hata kuomba chai, kisha baada ya saa chache kichwa kinamuuma kupita kiasi, anatapika, anasinzia na mboni ya jicho moja inapanuka, kwa kuwa damu inayokusanyika ndani inaubana ubongo. Huyo akiambiwa aende nyumbani akalale, huenda asiamke tena. Je, huko kwenu madereva wa bodaboda wamewahi kufundishwa dalili hizi?