Gemu za zamani zinazouzwa upya kwa pamoja: nani anafaidika, nani anaumia

Kwenye mabanda ya gemu ya Ngarenaro na Sakina hapa Arusha, na kule Moshi pale Majengo, lawama ni ileile: kampuni zinachukua gemu tulizozimaliza enzi za PS2 (PlayStation 2), zinazifunga tatu au nne pamoja, zinazipaka rangi na kuziuza kwa bei ya gemu mpya. Wanaotetea wanasema bila hivyo gemu hizo zitakufa na mashine zake. Wote wana hoja, ila wanabishana kana kwamba matoleo haya yote yamepikwa chungu kimoja. Ubora wake unategemea zaidi nani alipewa kazi na alikabidhiwa nini.

Chukua lile lililowauma wengi, GTA: The Trilogy – The Definitive Edition, lililotoka Novemba 11, 2021 likiwa na GTA III ya 2001, Vice City ya 2002 na San Andreas ya 2004. Bei ilikuwa dola 60, karibu shilingi 138,000 kwa viwango vya mwaka ule. Rockstar, wenye gemu hizo, waliwapa kazi Grove Street Games, walewale waliotengeneza matoleo ya simu ya gemu hizo, na kasoro nyingi za simu zikahamia huku. Picha zilikuzwa kwa kompyuta bila kukaguliwa vya kutosha, mabango ya maduka yakatoka na herufi zilizokosewa. Mvua ilishuka kama michirizi myeupe iliyoziba barabara usiku. Rockstar wenyewe waliomba radhi.

Kosa lililoiharibu San Andreas zaidi, kwa maoni yangu, ni kuondoa ukungu. PS2 ina memori ya megabaiti 32 tu, haiwezi kuchora ramani yote kwa mpigo, kwa hiyo watengenezaji walifunika mbali kwa ukungu. Mtu wa Moshi analijua hili bila kufundishwa: Kibo kikifunikwa na wingu, mlima unabaki mkubwa kichwani kuliko ungeuona wote. Toleo la 2021 liliondoa ukungu huo. Ukipanda kilele cha Mount Chiliad au ukirusha ndege, unaona miji ikiwa imebanana, na ile safari ndefu ya kutoka Los Santos kwenda San Fierro inageuka mwendo wa kutoka Kaloleni hadi Sanawari. Apdeti ya Novemba 2024 ilirudisha mwanga na anga ya zamani kwa anayeutaka. Maana yake anayenunua leo anapata kitu bora kuliko aliyenunua siku ya kwanza, alimradi apakue apdeti. Akiweka CD bila intaneti, atacheza uozo wa 2021.

Hata hivyo kuna mambo yaliyoboreshwa kweli. Kwenye ile ya PS2, ukifa au ukikamatwa katikati ya misheni unaamkia hospitali au polisi, unatafuta gari, unavuka mji upya ndipo ujaribu tena. Kwa anayelipia kwa saa, hiyo ni hela inayoteketea barabarani. Toleo jipya linakurudisha kwenye misheni papo hapo, na silaha unazichagua kwenye duara badala ya kuzipitia moja moja. Lakini kuna kilichotolewa ambacho mwenye banda atakiona haraka: kule PS2 wawili waliweza kushika pedi mbili na kuzurura pamoja kwenye San Andreas. Toleo jipya halina hilo. Wateja wawili kwenye TV moja wanageuka mmoja. Na baadhi ya chiti (mibonyezo ya siri ya kupata silaha, hela na kadhalika) zimeondolewa, kwa hiyo ile karatasi iliyobandikwa ukutani haifanyi kazi yote.

Kuna makosa ambayo hayaonekani kwenye picha ila mkono unayahisi. Crash Bandicoot N. Sane Trilogy ya 2017 ilijengwa upya na Vicarious Visions na inapendeza sana machoni. Ila gemu ya kwanza ilipewa mruko wa ya tatu, na umbo lisiloonekana linalogusa ardhi likawa la duara kama kidonge. Ukitua ukingoni unateleza, kwenye madaraja ya kamba unaanguka pale ambapo zamani ulisimama. Anayesema "hii imekuwa ngumu" hajazeeka, imekuwa ngumu kweli.

Kwa wapiganaji wa Tekken, kisa cha PlayStation Classic ya Desemba 2018 kinatosha. Kimashine hicho kilikuja na gemu 20, na 9 kati yake, Tekken 3 ikiwemo, zilikuwa za PAL, yaani za mfumo wa TV wa Ulaya, zinazokwenda kwa hezi 50 (picha 50 kwa sekunde) badala ya 60. Kombo uliyoizoea kwa hezi 60 kasi yake inapungua kwa karibu asilimia 17. Ni uzembe wa mtu aliyechagua faili lisilo lake.

Wakati mwingine mtengenezaji hana la kufanya. Silent Hill HD Collection ya 2012 ilitengenezwa kwa msimbo wa chanzo (maandishi ya programu ya gemu) usiokamilika, kwa sababu ule wa mwisho haukuwa umehifadhiwa. Hapa ndipo hoja ya kuhifadhi inapopata uzito: kama kampuni yenyewe inapoteza, sisi wenye CD zilizokwaruzwa tutaokoa nini? Jicho la PS2 linalosoma CD linachoka, vumbi la Arusha linalimaliza mapema, na TV mpya nyingi hazina tena matundu ya AV ya rangi tatu. Kigeuzi cha bei rahisi cha AV kwenda HDMI mara nyingi huvuta picha ya 4:3 ijaze skrini pana, na huongeza ucheleweshaji kati ya kidole na ngumi. PS4 haisomi kabisa CD za PS2 wala PS3. Lakini hoja hiyo inavunjwa na Rockstar haohao, walioondoa matoleo ya zamani kwenye maduka ya mtandaoni kabla ya kuleta jipya. Kuhifadhi gani huko?

Kwa mnunuzi wa hapa, soma kasha kabla ya kutoa hela. CD ya Spyro Reignited Trilogy ya 2018 haikuwa na gemu zote tatu, ya pili na ya tatu ulizipakua. Halo: The Master Chief Collection ya 2014 ilidai apdeti ya GB 20 siku ya kwanza; kwa kasi ya megabiti 10 kwa sekunde, hiyo ni zaidi ya saa nne bila kukatika, na bando lako limeisha. PlayStation haina duka la Tanzania, kwa hiyo wengi hufungua akaunti ya nchi nyingine: hakikisha kadi ya zawadi ni ya nchi ileile ya akaunti, na ukinunua nyongeza, ziwe za eneo moja na CD. Pia kagua kama ndani kuna CD kweli au karatasi ya namba ya kupakulia gemu. CD utaiuza ukiichoka, na ya PS4 itaingia kwenye PS5 yenye tundu la CD. Namba ikishatumika, haiuziki.